Magari ya spoti ya Kiingereza ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: maswali ninayoulizwa kila nikiegesha

Nina MG PA ya mwaka 1934. Iko chini kiasi kwamba ukikaa nyuma ya usukani na kuteremsha mkono nje ya mlango, vidole vinagusa lami. Kila nikiiegesha, nikirudi nakuta watu wameizunguka. Ndugu zangu wa Mombasa nao huniuliza kwa simu, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Ufundi ndiyo kazi yangu ya maisha, na huku Worcestershire, Uingereza, nimeifanya miaka kumi na saba. Mahali nilipopendelea upande, nimependelea kwa makusudi.

"Vinteji" si maana yake gari kuukuu tu?

Siyo. Vintage Sports-Car Club, klabu iliyoundwa Uingereza mwaka 1934, ilipiga mstari: gari la vinteji ni lile lililotengenezwa kabla mwaka 1930 haujaisha. Wenye klabu waliona magari yaliyokuja baada ya hapo yanatolewa kwa wingi na kwa bei rahisi, hayana tena uzito wala tabia ya yale ya kwanza. Baadaye wakakubali kwamba hata miaka ya 30 yalikuwapo yaliyotengenezwa kwa moyo, wakayapa daraja lake, la 1931 hadi 1940. MG yangu imo humo. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, linatumia herufi: C ni 1919 hadi 1930, D ni 1931 hadi 1946. Jaguar E-Type ya 1961 ni gari zuri mno, lakini ukiiita vinteji mbele ya wazee wa klabu utatazamwa kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi wa samaki.

Injini imebadilishwa, bodi imebadilishwa, magurudumu mapya. Hilo bado ni gari lile lile?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni matawi yake.

Aliyekulia pwani ana jibu tayari hata kama hajui kuwa analo. Jahazi likipandishwa mchangani, fundi hutoa ubao uliooza, akatia mpya, akakalafati, likarudi majini. Miaka arobaini baadaye huenda hakuna ubao wa kwanza uliobaki, na hakuna anayeliita jahazi jingine. Jina lake ni lile, manahodha wake wanajulikana, mafundi wanajulikana, na hakuna siku lilipotea machoni pa watu. Sasa mtu akiokota zile mbao zilizotupwa, akaunda nazo chombo chake, akakipa jina lile lile? Atachekwa.

Mahakama Kuu ya London ilifika hapo hapo mwaka 1990, na kesi yenyewe ilikuwa ya fedha nyingi. Gari lilikuwa Bentley Speed Six inayoitwa Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena 1930. Baada ya hapo ilibadilishwa kwa ajili ya mbio za uwanja wa Brooklands, Uingereza, ikatiwa injini ya lita 8, na mwaka 1932 ikaruka juu ya ukingo wa uwanja huo, dereva Clive Dunfee akafa. Ikaundwa upya, safari hii ikavikwa bodi ya barabarani. Ilipokuja kuuzwa kwa makubaliano ya pauni milioni 10, mnunuzi akagoma: hii siyo, hakuna kilichobaki cha gari la 1929. Na kweli jaji, Otton, alikuta karibu hakuna. Hata hivyo aliamua kwamba ndiyo Old Number One halisi, kwa sababu historia yake haikukatika popote na hakuna gari jingine duniani lenye haki ya kudai jina hilo. Hakusema ni ya awali, kama ilivyotoka kiwandani. Alisema ni halisi. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo biashara nzima ya magari haya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza MG yangu ina asili kiasi gani, sihesabu nati. Namwonyesha faili. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ni mpya, imekerezwa kwa chuma bora kuliko kile cha kiwandani. Mbao za upande wa kushoto nimezichonga mimi (naam, bodi ni bati lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao). Yote yameandikwa humo, na tarehe zake.

Basi nakala ni wizi?

Inategemea inajitambulisha vipi. Chukua MG K3. Zilitengenezwa 33 tu, na dereva Mwitalia Tazio Nuvolari alishinda mbio za Tourist Trophy kule Ulster mwaka 1933 akiwa na mojawapo. Ukienda uwanjani leo utadhani K3 zilikuwa zikizaliana usiku. Nyingi zilianza maisha kama MG KN, gari la familia lenye paa na milango minne, likakatwa, likavikwa bodi ya mbio. Zinakimbia vizuri, wenyewe hawafichi, na klabu inazijua moja moja. Wizi unaanza pale nakala inapouzwa kwa bei ya halisi.

Kinachoniuma zaidi ni zile KN. Kila nakala nzuri ina gari moja la familia lililochinjwa ili ipatikane, na hakuna anayelililia kwa kuwa halikuwahi kushinda kitu.

Nitajuaje siuziwi mbuzi kwenye gunia?

Anza na makaratasi kabla ya kulitazama gari, kwa sababu ukishaliona utapenda, na mwenye kupenda haoni. Tafuta kadi za zamani, risiti, picha, barua. Rejesta nyingi za magari za halmashauri za Uingereza zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Kithead Trust, mjini Droitwich. Humo unaweza kukuta namba ya gari, namba ya chasisi na mwenye gari wa kwanza. Bentley za zamani zina kumbukumbu za matengenezo za kiwandani ambazo nyingi zipo mpaka leo. Na kila aina ya gari ina klabu, na kila klabu ina mzee mmoja anayetunza rejesta. Mpigie huyo. Mara nyingi analijua gari unalotaka kununua kuliko anayekuuzia.

Kisha nenda na tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Futa mahali penye namba ya chasisi. Namba hizo ziligongwa kwa mkono, tarakimu moja moja, nyundo na patasi ya herufi, kwa hiyo mstari huyumba kidogo na kina hakilingani: saba imezama, mbili imekwaruza tu. Namba iliyonyooka kama imechapwa na mashine, au iliyokaa juu ya chuma kilichosagwa kikang'aa, inahitaji maelezo. Pitisha kidole. Kidole husikia chuma kilichojazwa kabla jicho halijakiona.

Muuzaji akikwambia faili liliungua moto, mshukuru kwa chai, uondoke.

Nianze na gari gani?

Austin Seven, bila ubishi. Ilitengenezwa kuanzia 1922 hadi 1939, karibu 290,000, injini yake ni ya cc 747, na spea zinapatikana hadi boliti ya mwisho. Injini inabebwa na watu wawili bila winchi. Bruce McLaren, aliyeanzisha timu ya mbio yenye jina lake, alianza mbio kule New Zealand na Austin Seven aina ya Ulster, na gari la kwanza la Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, liliundwa juu ya Austin Seven. Breki zake, tuseme hivi: unaomba, huamrishi.

Ukitaka mwendo zaidi, MG ndogo zenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu. J2 ni nzuri ajabu kwa macho, lakini krenki yake imeshikwa na beringi 2 tu, na ukiizungusha sana hukatika kama muwa. PA ina beringi 3. Ndiyo sababu ninayo hiyo.

Frazer Nash ni ya watu wa aina yake. Kila gia ina mnyororo wake, kama baiskeli iliyokosa adabu, na ekseli ya nyuma haina difu, zile gia zinazoacha tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo kona huichukui kwa kukata usukani peke yake, unaitelezesha. Wenye nazo hujiona ukoo mmoja, na wakianza kuzungumzia grisi ya minyororo, ondoka kabla hujakaribishwa.

Bentley waachie wenye nazo. Hata zamani ilikuwa hivyo: kampuni ilianzishwa na W.O. Bentley mwaka 1919, na ilipokauka mfuko aliyeiokoa mwaka 1926 ni Woolf Barnato, aliyerithi mali ya baba yake ya almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Huyo huyo Barnato akashinda Le Mans mara tatu mfululizo, 1928, 1929 na 1930, kwenye magari ya kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1929 Bentley zilishika nafasi ya kwanza hadi ya nne. Mwaka 1931 kampuni ikawa imeanguka mikononi mwa Rolls-Royce.

Bei je?

Austin Seven nzima utaipata kwa pesa ambayo wengine hununulia gari la kawaida lililotumika. Upande wa pili wa mlima kuna ile Bentley ya kiti kimoja ya dereva wa mbio Tim Birkin, iliyoweka rekodi ya maili 137.96 kwa saa Brooklands mwaka 1932. Ilipigwa mnada Goodwood mwaka 2012 kwa zaidi ya pauni milioni 5. Katikati kuna kila kitu. Chochote utakachotenga kununulia, bakisha theluthi mfukoni. Gari litaiomba.

Nina leseni miaka ishirini. Kuendesha si kuendesha tu?

Njoo nikuone kwenye kona.

Giaboksi ya wakati huo haina kitu cha kusawazisha mwendo wa meno. Ukilazimisha unasikia sauti ya sufuria ikiburutwa kwenye sementi, na hiyo ni pesa yako inasagika. Kushuka kutoka gia ya 3 kwenda ya 2 ni hivi: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga mafuta injini ipande, kanyaga klachi tena, ingiza ya 2. Ukipatia, mkono hausikii kitu, gia inaingia yenyewe kimya. Na yote hayo unayafanya ukiwa unafunga breki kwa mguu ule ule wa kulia unaopiga mafuta, kisigino huku, vidole kule, huku kona inakujia.

Kwenye Bentley na magari mengi ya miaka ya 20 mambo yanazidi: pedali ya mafuta iko katikati na breki iko kulia. Pale ulipozoea kukuta breki unakuta mafuta. Mimi, fundi mzima, siku ya kwanza niliingia kwenye michongoma ya mwenye gari. Alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe cha chai.

Spana zangu za milimita zitafaa?

Hazitafaa. Nati hizi ni za kipimo cha Whitworth, ambacho namba iliyoandikwa kwenye spana si upana wa mdomo wake bali unene wa boliti. Spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Namba 13 yako itakataa kuingia kwa upana wa unywele. Namba 14 itaingia, itacheza, itakula kona za nati. Ukikuta gari lenye nati za mviringo, ujue limepita mikononi mwa fundi wa namba 14.

Kichekesho kikubwa kiko kwenye MG TC, iliyotengenezwa 1945 hadi 1949. Vichwa vya boliti za injini yake ni Whitworth, lakini nyuzi zake ni za milimita. William Morris, mwenye kampuni ya magari ya Morris, alikinunua kiwanda cha injini cha Coventry kutoka kwa Hotchkiss, kampuni ya Wafaransa, mwaka 1923, na mashine zilizokuwamo zilikata nyuzi za Kifaransa. Hakuna aliyetaka kuzitupa. Basi nyuzi zikabaki Ufaransa, vichwa vikahamia Uingereza, na mpaka leo mgeni anaitia boliti ya kienyeji kwa nguvu na kuharibu bloku.

Spea mnatoa wapi?

Klabu, mafundi wadogo wanaosubu na kukereza upya, na soko la vyuma vya zamani la Beaulieu, kusini mwa Uingereza, linalofanyika tangu 1967. Nenda na viatu vya tope na hela taslimu. Nilipata kabureta ya SU chini ya meza ya mtu aliyekuwa akiuza vikombe.

Mbona inavuja oili?

Inavuja mahali inapotakiwa kuvuja. Pabaya ni mahali pamoja tu, kwenye dainamo. Kwenye MG za aina yangu dainamo imesimama wima mbele ya injini, na shafti yake ndiyo inayozungusha kamshafti iliyo juu ya silinda hedi. Aliyebuni alikuwa mjanja wa kuokoa nafasi, ila oili hushuka. Sili ya juu ikichoka, oili inatiririka ndani ya dainamo. Unagundua usiku, taa zinapogeuka rangi ya chai ya rangi.

Petroli ya kawaida inafaa?

Huku tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani na gundi za tangi. Mimi natia ile ya juu, ya E5, na mipira yote ya mafuta nimebadilisha. Risasi, yale madini yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, ilitolewa kwenye petroli zamani. Kama silinda hedi haijatiwa viti vya valvu vya chuma kigumu, tia viti hivyo injini ikifunguliwa.

Naanzaje mbio?

Usianze na mbio. Anza na mlima.

Kupanda mlima kwa saa ni mchezo mkongwe huku. Shelsley Walsh, karibu na kwangu, watu wanaukimbia tangu 1905, yadi 1,000 tu kutoka chini hadi juu. Gari moja moja, hakuna wa kukugonga. Prescott, kule Gloucestershire, ni mali ya klabu ya wenye Bugatti tangu 1937, na kila mwaka klabu yetu, ile Vintage Sports-Car Club, hupewa wikiendi yake. Kwa mlima unahitaji leseni ya ngazi ya chini kutoka Motorsport UK, wasimamizi wa mbio za magari Uingereza, isiyo na mtihani. Kwa mbio za uwanjani unahitaji mtihani wa ARDS, chama cha shule za madereva wa mbio, wa kuandika na wa kuendesha, na mechi za mwanzo unabandika nyuma ya gari kibao cha njano chenye msalaba mweusi ili wenzako wakukwepe.

Gari nalo linahitaji karatasi. Klabu yetu ina fomu yake, inaitwa kwa rangi yake ya hudhurungi, inayoeleza kila kilichobadilishwa na lini. Ukitaka kukimbia mashindano ya FIA unahitaji pasipoti ya gari, na hiyo ina kurasa za kutosha kumchosha afisa wa uhamiaji.

Mara yangu ya kwanza Prescott nilifika saa moja asubuhi. Mkaguzi alilala chini ya gari, akatikisa kila gurudumu, akavuta waya wa mafuta, akauliza ni nani aliyefunga pini ile. Nikasema mimi. Akasema, "Ifunge tena." Kisha foleni, mbele ya gari kibao cheusi kinachokata mwanga wa saa, kelele, harufu ya oili ya mbarika ambayo mwenye kuinusa mara moja haisahau. Nikaondoka vizuri. Kwenye kona kali inayoitwa Pardon, ambayo mlima wenyewe unajikunja, nikatafuta gia ya 1, nikaikosa. Gari likasimama. Nimeshika breki ya mkono kwa mkono mmoja, nusu ya Gloucestershire inanitazama. Muda wangu sitauandika hapa.

Wakati wa baridi kuna mchezo mwingine, wa kupanda vilima vya tope, na abiria kazi yake ni kurukaruka kitini ili tairi za nyuma zishike. Mke wangu alikubali mara moja.

Mbio za uwanjani, nyingi huanzishwa kwa kupishana: wa polepole wanatangulia, wenye kasi wanafuata, na hesabu ikiwa sawa wote wanafika mstarini pamoja. Ndiyo maana Austin Seven huweza kuishinda Bentley.

Si hatari?

Ni hatari. Magari mengi ya kabla ya vita hayana mikanda wala fremu ya kukinga kichwa, na tangi la petroli liko mgongoni pako. Unavaa helmeti na ovaroli isiyoshika moto. Bima ya barabarani kwa kawaida haihusu mbio hata kidogo, kwa hiyo ukiigonga ni yako. Kinachookoa watu zaidi ni kwamba kila mmoja anajua gari la jirani yake haliwezi kununuliwa tena.

Kwa nini msiyaweke makumbusho?

Kwa sababu yanakufa. Gari lililosimama miaka kumi lina sili zilizokauka, rejeta yenye matope, pistoni zilizoshikana na silinda. Nimefungua injini iliyotoka uwanjani Jumapili na injini iliyotoka kwenye ukumbi wenye zulia, na ya zulia ndiyo iliyonoki. Brooklands, uwanja wa kwanza wa aina yake duniani, uliofunguliwa 1907 na kufungwa 1939, umekatwa vipande, lakini sehemu ya ule ukuta wa zege uliolala bado ipo. Nimeutembelea. Nilichokumbuka ni sauti ambazo hazikuwapo.

Nyumbani je, Afrika Mashariki kuna pa kulikimbiza?

Mbio za magari ya zamani zipo: East African Safari Classic ilianza 2003, ikifuata nyayo za Coronation Safari ya 1953 iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini ile ni ya magari ya rali, Porsche 911, Datsun, Ford Escort, si ya chasisi ya 1934 inayopinda ukiikanyagia jiwe. Kwa gari kama langu pa kwenda ni mashindano ya urembo wa magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako majaji huingiza vidole vyenye glovu nyeupe chini ya madigadi. Usukani uko kulia, hilo angalau halihitaji kubadilishwa. Ila vumbi jekundu na kabureta zisizo na chujio, hapo tutazungumza kwanza.

Mwanangu anaweza kukaa ndani nimpige picha?

Anaweza. Apande upande wa abiria, akanyage ubao na si bati, na asishike kifuniko cha rejeta. Kina moto.